Nani Amlipe Mwenye Shamba la Juu?
Haki za ardhi, malipo ya uhifadhi na ankara yako ya maji

Bei ya uniti moja ya maji, yaani lita 1,000, imebeba gharama nyingi: umeme wa pampu, dawa za kutakasa maji, matengenezo ya mabomba, mishahara ya watumishi na marejesho ya mikopo. Ipo gharama nyingine ambayo mtumiaji haioni kwa urahisi, nayo ni utunzaji wa mlima ambako maji hayo yanatoka. Mlima usipotunzwa gharama hiyo haitoweki. Huhama kutoka mlimani na kuingia kwenye bwawa lililojaa tope, kwenye mgawo wa maji wakati wa kiangazi, na hatimaye kwenye ankara.

Katika makala haya tunaeleza jinsi haki za kumiliki ardhi na malipo ya hiari yanavyoweza kumfanya mkulima wa mlimani na mtumiaji wa maji wa bondeni wawe na maslahi ya pamoja. Tunatumia mfano wa Milima ya Usambara, mkoani Tanga, kwa kuwa katika milima hiyo suala hili linagusa maisha ya kila siku. Tunaeleza pia mambo ambayo njia hii haiwezi kuyafanya, na maswali ambayo kila mtumiaji ana haki ya kuyauliza kabla ya kukubali kuchangia.

Maji yanakotoka na yanakokwenda

Milima ya Usambara ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, safu inayosifika duniani kwa wingi wa mimea na wanyama wasiopatikana kwingineko. Bonde la Lwengera linaitenganisha Usambara ya Magharibi, uliko mji wa Lushoto, na Usambara ya Mashariki, iliko Amani. Misitu ya milima hiyo, kama vile Magamba, Shagayu na Amani, hupokea mvua na ukungu, ikayahifadhi maji ardhini na kuyatoa kidogo kidogo hadi miezi ya kiangazi.

Mto Soni hushuka kutoka Lushoto na kumwagilia mashamba ya mpunga ya Mombo. Mto Umba huanzia upande wa kaskazini wa milima na kuelekea pwani, na Mto Zigi hutoka Amani na kulijaza Bwawa la Mabayani, ambalo ndilo chanzo kikuu cha maji ya Jiji la Tanga. Mkulima wa kabichi wa Lukozi, mkulima wa mpunga wa Mombo na mama lishe wa Tanga hawafahamiani, lakini kila mmoja wao anategemea namna udongo wa mteremkoni unavyotunzwa.

Ugumu unaanzia hapo. Anayelima mteremkoni hupata mazao, ilhali hasara ya udongo uliosombwa humwangukia aliye chini. Anayepanda miti na kuchimba makinga maji hubeba gharama, ilhali sehemu kubwa ya faida humwendea mtu asiyemjua. Hakuna haja ya kumtafuta mwenye nia mbaya katika jambo hili. Kila mmoja anafanya hesabu ya nyumba yake, na jumla ya hesabu hizo ndiyo inayouumiza mlima.

Kwa nini amri peke yake haikutosha

Usambara imekwisha kujaribu njia ya amri. Katika miaka ya 1940 na 1950, serikali ya kikoloni iliwalazimisha wakulima wa Mlalo na maeneo mengine kuchimba matuta kwenye miteremko. Udongo ulikuwa ukimomonyoka kweli, lakini kazi ilikuwa nzito, faida yake haikuonekana upesi, na wakulima waliogopa kwamba mpango huo ungegusa haki zao za ardhi. Watu waliupinga, na mpango ukashindwa kabla ya uhuru.

Mradi wa hifadhi ya udongo na kilimo mseto ulioanza Lushoto mwaka 1981, uliofahamika kwa kifupi SECAP, ulifuata mwelekeo tofauti. Wakulima walihamasishwa kupanda majani ya Guatemala katika mistari inayofuata kontua. Majani hayo yalishika udongo, yakawa pia malisho ya ng'ombe wa maziwa waliofugwa zizini. Mkulima aliyeukata mstari wake wa majani aliukata kwa ajili ya ng'ombe wake, na mwaka uliofuata alikuwa na sababu ya kuutunza tena. Tunachojifunza hapo ni kwamba hifadhi hudumu pale inapomlipa anayeifanya.

Hatusemi kwamba sheria haina kazi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bwawa, shughuli za kudumu au zinazoweza kuathiri hifadhi ya eneo hilo, na katazo hilo linabaki palepale. Hata hivyo, katika mabonde membamba ya Lushoto, kando ya kijito ndipo penye bustani nzuri zaidi za mboga, na familia nyingi zina mashamba madogo sana. Amri ya kuondoka isiyoambatana na njia nyingine ya kujipatia riziki hutiiwa mchana na kuvunjwa usiku.

Nani anamiliki nini

Mapatano yoyote ya malipo huanza na swali la umiliki, kwa kuwa mtu hawezi kulipwa kwa kutunza kitu ambacho hana haki nacho, na mlipaji hana uhakika kama hajui anapatana na nani. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Kwa mujibu wa sheria za Tanzania Bara, hali ni kama ifuatavyo.

*Ardhi.* Ardhi yote ni ya umma, na Rais ni mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Mwananchi humiliki haki ya kuitumia. Katika vijiji, Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inatambua haki za kimila, na mwanakijiji anaweza kupewa Hati ya Hakimiliki ya Kimila. Sheria hiyo inampa mwanamke haki sawa na mwanaume ya kupata, kutumia na kumiliki ardhi.

*Misitu.* Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002 inakiruhusu kijiji kutenga msitu wake wa hifadhi katika ardhi ya kijiji, kuusimamia na kubaki na mapato yake. Kwa misitu ya Serikali, kijiji jirani kinaweza kuingia makubaliano ya usimamizi wa pamoja, na mgawanyo wa faida na wajibu huandikwa katika makubaliano hayo.

*Maji.* Maji hayamilikiwi na mtu binafsi. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya mwaka 2009 inayaweka chini ya udhamini wa Rais kwa niaba ya wananchi. Anayechota kwa matumizi ya nyumbani hahitaji kibali. Anayechepusha mto kwa umwagiliaji, kiwanda au mradi wa maji wa mji anahitaji kibali na hulipa ada. Katika Usambara kibali hicho hutolewa na Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani.

Kwa hiyo mkulima wa Lushoto hawezi kuuza maji ya kijito kinachopita kando ya shamba lake. Anachoweza kupatana nacho ni kazi yake na matumizi ya ardhi yake: kupanda miti, kuchimba makinga maji, kuacha kulima mahindi mahali fulani. Tofauti hii ni muhimu, na yeyote anayedai malipo kwa sababu mto ni wake hana msingi wa kisheria.

Historia ya Usambara ina mfano mmoja wa kuvutia wa umiliki na hifadhi. Msitu wa Mazumbai ulitunzwa kwa miaka mingi na familia ya Tanner, yenye asili ya Uswisi, ukiwa sehemu ya shamba lao binafsi. Mwaka 1968 msitu huo ulikabidhiwa kwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na leo uko chini ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Hata hivyo, hatusemi kwamba kila mwenye hati huhifadhi. Hati humpa mtu uhakika kwamba mti atakaoupanda leo hautavunwa na mwingine kesho, lakini haimpi fedha za kusubiri mti huo ukue. Ndiyo maana hati na malipo hutakiwa kwenda pamoja.

Malipo ya uhifadhi yanavyofanya kazi

Tuchukue mfano wa kubuni. Mkulima ana shamba la kabichi kwenye mteremko mkali, nje ya mita 60 za kijito. Shamba hilo humpatia faida ya shilingi 600,000 kwa mwaka. Akilibadilisha kuwa majani ya malisho na miti ya matunda, atapata shilingi 350,000. Hasara yake ni shilingi 250,000. Ikiwa mashamba ya aina hiyo ni 100, hasara ya wakulima wote ni shilingi milioni 25 kwa mwaka.

Sasa tuangalie upande wa bondeni. Tuseme mamlaka ya maji hutumia shilingi milioni 40 kwa mwaka kununua shabu ya ziada na kuondoa tope linalotokana na mashamba hayo. Mamlaka hiyo ikiwalipa wakulima milioni 25, na kutumia milioni 5 kwa ukaguzi, itakuwa imetumia milioni 30. Imeokoa milioni 10, na hakuna mkulima aliyepata hasara.

Hesabu hiyo ina maana gani kwa ankara? Tuseme mamlaka hiyo ina wateja 20,000, na kila mmoja hutumia uniti 10 kwa mwezi. Jumla ni uniti milioni 2.4 kwa mwaka. Gharama ya tope, milioni 40, ni karibu shilingi 17 ndani ya kila uniti, na mteja tayari anailipa bila kujua. Gharama ya hifadhi, milioni 30, ingekuwa shilingi 12 na senti 50 kwa uniti, sawa na shilingi 125 kwa mwezi kwa kaya moja.

Mfano huo unaweza kugeuka. Kama gharama ya tope ingekuwa milioni 10 tu, mamlaka isingekuwa na sababu ya kutoa milioni 30 kutoka kwenye fedha za wateja. Hifadhi ingeweza bado kuwa na thamani kwa taifa, lakini ingepaswa kulipiwa na mfuko mwingine. Kwa hiyo swali la kwanza la mtumiaji liwe hili: hasara tunayoiepuka ni kiasi gani, na imepimwa na nani?

Je, ni haki kumlipa mtu ili atii sheria? Tunaona inafaa kutenganisha mambo mawili. Eneo la mita 60 linalindwa na sheria, na utii wa sheria hauuzwi. Hapo msaada unaofaa ni wa kumwezesha mkulima kuhama: miche, mifugo, mizinga ya nyuki, utaalamu. Nje ya eneo hilo, mkulima anayefanya zaidi ya anachodaiwa na sheria anatoa huduma, na huduma ina malipo.

Njia hii imekwisha kujaribiwa katika Afrika Mashariki. Katika Milima ya Uluguru, Morogoro, mashirika ya CARE na WWF yaliendesha mpango ambao wakulima wa mkondo wa juu walilipwa kwa kupanda miti na kuhifadhi udongo, na miongoni mwa walipaji walikuwamo DAWASCO na Coca-Cola Kwanza. Nchini Kenya, wakulima walio juu ya Ziwa Naivasha walipewa vocha za pembejeo zilizogharimiwa na watumia maji wa eneo la ziwa. Udhaifu wa mipango ya namna hii ni kutegemea mno fedha za wafadhili. Mfadhili anapoondoka, mkulima hurudi kwenye hesabu yake ya zamani. Malipo yanayotokana na watumiaji wenyewe, hata yakiwa madogo, yana nafasi kubwa zaidi ya kudumu.

Mto Zigi na Hatifungani ya Kijani ya Tanga

Mfano wa karibu zaidi uko Usambara ya Mashariki. Wakulima wa Bonde la Zigi waliunda umoja wao, UWAMAKIZI, kwa ajili ya kuhifadhi mazingira ya mito ya Kihuhwi na Zigi, na Mamlaka ya Majisafi na Usafi wa Mazingira Tanga, yaani Tanga UWASA, imekuwa ikishirikiana nao. Chanzo cha maji ya jiji kimepata walinzi wanaoishi kando yake.

Mwaka 2024 Tanga UWASA ilizindua hatifungani ya kijani yenye thamani ya shilingi bilioni 53.12, kwa muda wa miaka 10 na riba ya asilimia 13.5 kwa mwaka. Hatifungani ni mkopo ambao mamlaka huchukua kutoka kwa wananchi na taasisi. Inaitwa ya kijani kwa sababu fedha zake zimewekewa masharti ya kutumika katika miradi yenye manufaa kwa mazingira, katika hali hii ni miundombinu ya maji na utunzaji wa chanzo. Aliyewekeza shilingi milioni 1 anatarajia riba ya shilingi 135,000 kwa mwaka, kabla ya makato yoyote yanayomhusu.

Mtumiaji anapaswa kufahamu pande mbili za jambo hili. Kwa mwekezaji, usalama wa fedha zake unategemea maji yaendelee kupatikana na kuuzwa, hivyo msitu wa Amani umekuwa sehemu ya dhamana yake. Kwa mteja wa maji, riba na mtaji hulipwa kwa mapato ya mamlaka, na mapato hayo hutoka kwenye ankara. Mkopo mzuri ni ule ambao maji yanayoongezeka na upotevu unaopungua vinatosha kuulipa bila kumlemea mteja. Ndiyo maana taarifa za matumizi ya fedha hizo ni jambo la kufuatiliwa na wateja na wawekezaji kwa pamoja.

Mahali pa kuwa waangalifu

*Asiye na hati asisahaulike.* Mipango ya malipo huwapendelea wenye ardhi iliyosajiliwa. Vibarua, wanaolima mashamba ya kuazima, wajane ambao mashamba yako kwa jina la ukoo, hawa wanaweza kupoteza kazi au shamba bila kupata chochote. Mpango wa haki huanza kwa kuwasajili watumiaji halisi wa ardhi.

*Fidia ya mara moja ni tofauti na malipo ya utunzaji.* Katika ushoroba wa Derema, Usambara ya Mashariki, zaidi ya wakulima elfu moja walilipwa fidia ya mazao yao, iliki ikiwa ndilo zao kuu, ili eneo hilo liwe hifadhi ya msitu. Fidia ya namna hiyo humaliza haki ya kulima. Malipo ya kila mwaka, kwa upande mwingine, humwacha mkulima na ardhi yake na kumtaka aitunze kwa namna fulani. Kabla ya kutia saini, mkulima ajue ni lipi kati ya hayo mawili analokubali.

*Mikataba ya kaboni.* Baadhi ya vijiji nchini, kama vile vya Bonde la Yaeda, vimepata mapato kwa kuuza hewa ya kaboni inayohifadhiwa na misitu yao. Biashara hiyo ina kanuni zake za mwaka 2022, na kituo cha taifa cha kufuatilia kaboni kiko katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Mikataba hiyo hudumu kwa miaka mingi na hufunga matumizi ya ardhi. Uamuzi wake ni wa Mkutano Mkuu wa Kijiji, baada ya wananchi kusomewa na kueleweshwa mkataba kwa Kiswahili. Kiongozi mmoja asiufanye ofisini.

*Malipo bila ukaguzi ni sadaka.* Kama hakuna anayehesabu miche iliyopona, anayepima tope mtoni na anayesitisha malipo pale kazi isipofanyika, mtumiaji ananunua kitu asichokiona.

Mtumiaji afanye nini

Kama wewe ni mteja wa maji:

1. Hudhuria mkutano wa taftishi pale mamlaka yako ya maji inapoomba kubadilisha bei. EWURA hukusanya maoni ya wateja kabla ya kuamua. Uliza ni fedha kiasi gani zinakwenda kutunza chanzo, na ni kiasi gani kinatumika kutibu maji yaliyochafuliwa na tope.

2. Mamlaka ikitangaza mchango wa hifadhi, omba kuona mambo manne: nani analipwa, kwa kazi gani, nani anakagua, na mchango utadumu hadi lini.

3. Ukiwa na lalamiko, lifikishe kwanza kwa mtoa huduma wako kwa maandishi na utunze nakala. Usiporidhika, liwasilishe EWURA. Baraza la watumiaji, EWURA CCC, linaweza kukushauri bila malipo.

4. Kwa miradi ya vijijini, hudhuria mikutano ya Chombo cha Watoa Huduma ya Maji Ngazi ya Jamii, na uombe kusomewa mapato na matumizi.

Kama wewe ni mkulima wa mlimani:

1. Ulizia katika Halmashauri ya Kijiji kama kijiji kina cheti cha ardhi na mpango wa matumizi bora ya ardhi. Hivyo ndivyo vinavyofungua njia ya kupata hati.

2. Unapoomba Hati ya Hakimiliki ya Kimila, hakikisha jina la mwenza wako limeandikwa, na kwamba hati imeingizwa katika masjala ya ardhi ya kijiji.

3. Usikubali makubaliano ya mdomo. Mkataba utaje ukubwa wa eneo, kazi inayotakiwa, kiasi na tarehe ya malipo, muda wa mkataba, na namna ya kujitoa.

4. Kabla ya kukata au kusafirisha miti, hata uliyoipanda mwenyewe, ulizia masharti ya kibali katika ofisi ya misitu ya wilaya.

5. Mgogoro wa mpaka ukitokea, anzia Baraza la Ardhi la Kijiji. Mpango wa malipo usiwe kisingizio cha kumnyang'anya jirani.

Kama unafikiria kununua hatifungani ya kijani, soma waraka wa matarajio na uhakikishe umeidhinishwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Uliza pia ni wapi taarifa za utekelezaji wa mradi zitatangazwa kila mwaka. Neno "kijani" peke yake si dhamana.

Sisi wadhibiti hatuwezi kupanda miti Lushoto kwa kutumia jedwali la bei. Tunachoweza kufanya ni kuhakikisha kwamba mtumiaji hatozwi shilingi ya hifadhi ambayo haikufika mlimani, na kwamba mamlaka ya maji haizuiwi kutumia fedha kidogo juu ili kuokoa fedha nyingi chini. Uwezo wetu wa kufanya hivyo hutegemea wateja wanaouliza. Mkutano ujao wa taftishi utakapotangazwa katika eneo lako, njoo na ankara zako za miezi ya mvua na za miezi ya kiangazi, na ueleze huduma ilikuwaje katika kila msimu.